Zulia Lisilokung'utwa

Alipokwisha kumkamua ng'ombe, Kulpash alilifunga kwa kamba zulia la manyoya ya kondoo, akalibeba mgongoni hadi kwenye foleni ya ofisi ya tathmini. Bintiye, Nurbike, alikuwa na uvimbe kooni. Angepasuliwa bila malipo iwapo tu mama yake angethibitishwa kwamba utotoni alivuta vumbi la bomu la nyuklia lililojaribiwa karibu na kwao.

"Umehamia huku na kitanda kabisa?" jirani yake Raushan alimtania.

"Kwa foleni hii, shoga, ningeleta na ng'ombe."

Zamu yake ilipofika, afisa Ermukhan hakuinua uso kutoka kwenye kompyuta.

"Agosti ya mwaka hamsini na tatu ulikuwa wapi?"

"Malishoni na mama. Nilikuwa na miaka tisa."

"Ndani au nje?"

"Tulikuwa hemani. Askari wakatutoa, wakatulaza mtaroni kifudifudi. Wingu likatupita juu, vumbi likatujaa mpaka kwenye meno."

"Makao, hema." Alibonyeza kitufe. "Hema halimo humu. Naandika nyumba. Kuta na madirisha vilizuia vumbi."

"Madirisha gani? Hema lina tundu juu, na kiangazi tunalikunja upande wa chini upepo upite! Halafu nimeshakwambia tulikuwa nje."

"Mwenye makao huhesabiwa kuwa ndani. Ndiyo kanuni, mama. Kiwango chako cha mionzi ni kidogo mno. Hewa yenu ilikuwa salama. Anayefuata!"

"Na mwanangu?"

"Anayefuata, nimesema!"

Kulpash hakutoka. Aliifungua kamba, akalitandaza zulia juu ya meza, karatasi zikaanguka sakafuni.

"Hili lilikuwa hemani siku ile. Mama aliyakung'uta mengine yote, akakohoa mpaka akafa. Hili alikataza lisiguswe."

Alichukua rula ndefu ya afisa, akalipiga zulia kwa nguvu zake zote. Vumbi la kijivu lilipanda hadi kwenye taa. Ermukhan aliruka, akaziba pua kwa tai yake na kukimbilia mlangoni, akimsukuma Raushan.

"Toa uchafu huo! Mlinzi! Mlinzi!"

"Unakimbia nini, mwanangu?" Kulpash aliuliza, huku akiinua rula tena. "Rudi ukae. Uko ndani ya nyumba, na madirisha yamefungwa."