Kompyuta ya Ukoo Mzima

Katika ukoo wetu hakuna anayechangia pesa. Ukitaka kusaidiwa unataja kitu, na kila mtu ananunua kipande chake na kukuletea mkononi. Utaratibu huu ulianza baada ya binamu yetu mmoja kuchangiwa ada ya chuo, na mwezi uliofuata akaonekana mjini juu ya pikipiki. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba nataka kuunda kompyuta yangu mwenyewe, mama hakuuliza bei. Aliuliza, "Ina vipande vingapi?"

Nilikuwa na miezi mitano tangu nimalize chuo, shahada ya ubunifu wa mitambo. Karakana moja inayotengeneza miguu ya bandia kwa watoto ilikuwa inatafuta mchoraji mmoja. Kila mwombaji alitakiwa kutuma mchoro wa goti la mtoto ndani ya mwezi mmoja, mwisho Jumatatu saa sita mchana. Goti langu nilikuwa nalo tayari kwenye karatasi, kurasa kumi na nne za penseli. Lakini walitaka mchoro uliotengenezwa kwa programu, na programu ile hata kompyuta za duka la kuchapisha zilikuwa zinaikimbia. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka kazi ile. Nilikuwa naamini, na bado naamini, kwamba mtoto hapaswi kuambiwa asubiri mpaka akue ndipo atembee vizuri.

Nikaanza kusoma. Kompyuta ya kujiundia ina masharti: kila kipande lazima kikubaliane na mwenzake. Prosesa, ambayo ndiyo akili yake, iingie kwenye mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba vyote. RAM, vile vijiti vyembamba vinavyoipa mashine nafasi ya kufanyia kazi, viwe vya aina ambayo mazabodi hiyo inaikubali. Nilisoma wiki tatu. Niliandika orodha, nikaibadilisha, nikaibadilisha tena, na ile ya mwisho nikaituma kwenye kundi la familia kwenye simu.

Wakagawana. Mama alichukua pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine. Kaka yangu, dereva wa lori, alichukua vijiti viwili vya RAM. Shangazi, ambaye ni nesi, alichukua mazabodi, kipande kigumu kuliko vyote, kwa sababu yeye ndiye huwa hakosei. Mimi nilinunua prosesa na diski kwa pesa za kufundisha hesabu watoto wa jirani. Mjomba, fundi wa kuchomelea, aliomba kasha.

"Yanauzwa, mjomba," nilimwambia.

"Yanauzwa ya bati la kopo. Mimi nimechomelea mageti ya watu mpaka vidole vimesahau rangi yake, nitashindwa sanduku? Nipe vipimo."

Nikampa. Moyoni nilishaona aibu. Nilijua litakuja jeneza.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikusanyika sebuleni. Mama alifuta meza mara mbili, kisha akafuta na mikono yangu. Nikafungua boksi la mazabodi, nikainua kile kijichuma cha kubana, nikaiweka prosesa. Ikakaa kama imezaliwa pale.

"Injinia!" kaka akapiga makofi. Ndivyo wanavyoniita, nusu sifa, nusu dhihaka.

Nikachukua kijiti cha kwanza cha RAM, nikakielekeza kwenye tundu lake, nikabonyeza. Hakikuingia. Nikakigeuza. Hakikuingia. Kwenye kila kijiti kuna pengo dogo linalopaswa kukaa juu ya kizuizi kilichomo ndani ya tundu. Pengo lilikuwa huku, kizuizi kiko kule. Tofauti yake ilikuwa ndogo, haifiki upana wa punje ya mchele.

"Unakibembeleza sana," kaka alisema. "Lete hapa. Sisi tairi la lori likigoma tunalipiga teke."

"Usiguse!"

Nikalivuta boksi la mazabodi, nikasoma ubavuni. Bodi ile ilikuwa ya RAM za toleo jipya. Vijiti vya kaka vilikuwa vya toleo la nyuma yake, kama nilivyoagiza. Vitu hivi viwili havikubaliani hata ukivipigia magoti. Ilikuwa saa tano kasoro, maduka yanafungwa saa saba na Jumapili hayafunguliwi kabisa, na goti langu lilikuwa bado ni penseli.

Sijui ni shetani gani alinishika ulimi.

"Shangazi, umenunua nini hiki? Niliandika wazi! Wameona mtu mzima haelewi, wakakubambikia. Ina maana mtu hawezi hata kusoma orodha?"

Mama akasema, "We!" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa darasa la nne. Mjomba akageukia dirishani. Shangazi alifungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja.

"Mimi nina miaka ishirini na mbili nasoma mwandiko wa madaktari," alisema taratibu. "Wako mzuri tu."

Ulikuwa mwandiko wangu. Ilikuwa orodha yangu ya kwanza, niliyompa mkononi wiki ile ya kwanza ya kusoma. Bodi iliyoandikwa pale ndiyo iliyokuwa mbele yangu, tarakimu kwa tarakimu. Shangazi alijitoa kwenye kundi la familia mwaka juzi, kwa sababu ya picha za maua za kusalimiana zilizokuwa zikimwamsha ametoka zamu. Nililijua hilo. Mimi mwenyewe nilimcheka kwa hilo. Nilipoamua kuhamia toleo la nyuma kwa sababu lilikuwa linapatikana kila duka, niliwaambia wote isipokuwa yeye; yeye mama alimpigia simu tu kwamba kipande chake ni mazabodi.

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze na kiti changu. Watu hawa walikuwa wamejinyima, mmoja alitoka barabarani, mwingine alitoka wodini, na aliyeharibu ni mimi mwenye shahada. Nikapiga magoti mbele ya shangazi. Nikamwomba samahani.

Shangazi akaikunja ile karatasi, akairudisha mkobani.

"Inuka," alisema. "Magoti ndiyo tunayotafuta, usiyaharibu. Vaa viatu, duka halijafungwa."

Kwenye duka alikovinunua kaka, muuzaji alivipokea vijiti, akaviangalia kwenye mwanga. "Hiki pakiti yake haijafunguliwa, nakubadilishia. Hiki umeshakifungua, dada. Hiki ni chako, kitundike hata ukutani." Shangazi alimbembeleza, akamtisha, akamuulizia afya ya mama yake. Muuzaji hakulegea. Pesa ya kingine hatukuwa nayo; tukarudi na kijiti kimoja cha toleo jipya, nusu ya nafasi niliyoihitaji.

Mjomba alikuwa ameshaliweka kasha mezani. Halikuwa jeneza. Lilikuwa la chuma chembamba, kingo zimesuguliwa hata kitambaa hakinasi, na ndani alikuwa amechomelea vijiguu vidogo ili bodi isigusane na chuma. Skrubu zote zikaingia bila kuhangaika.

"Umeme na chuma havikai kitanda kimoja," alisema. "Hilo halihitaji shahada." Nililistahili. Nikacheka na kulia kwa pamoja.

Ilipowaka, mama alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Lakini Jumapili mchana mambo yakawa mabaya zaidi. Goti langu lilikuwa na sehemu ishirini na sita. Kila nilipofikisha sehemu ya kumi na mbili, kioo kiliganda, kila kitu kikapotea. Mara ya tano nililaza kichwa mezani. Shangazi akaingia hivyohivyo, na sare yake, amepita kuona tumefikia wapi.

"Nionyeshe," alisema, akavuta kiti. Nikamwonyesha zile kurasa za penseli. Alizipitia moja moja.

"Hii ya nini?"

"Inapunguza mtikisiko."

"Na hii?"

"Inasaidia ile nyingine isilegee."

"Na mtoto akiangukia matopeni, mama yake atalifungua hili goti kwa kitu gani?"

Nikazigeuza kurasa zote kumi na nne nikitafuta. Majuma yote yale, usiku na mchana, nilikuwa nimechora goti la kuwashangaza wakubwa wa karakana. Mama wa mtoto sikuwahi kumfikiria hata dakika moja, na mimi ndiye niliyejiona nina huruma kuliko wengine. Mshtuko wa safari hii ulikuwa wa kimya, lakini ulinikata zaidi ya ule wa jana.

"Wodini kwetu," shangazi aliendelea, "kitu kisichoweza kuoshwa na kurudishwa na mtu mmoja aliyechoka, baada ya mwezi kiko stoo."

Nikaanza kufuta. Kila nilichofuta nilimuuliza yeye kwanza, naye alijibu huku ameinua miguu kwenye stuli, amefumba macho. Zilibaki sehemu saba na skrubu nne za ukubwa mmoja. Mashine haikuganda tena. Nilituma Jumatatu saa tano na dakika hamsini na moja.

Siku ya tisa simu ililia. Mwanamke alijitambulisha kuwa msimamizi wa karakana.

"Wenzako wamechora magoti ya ajabu, moja lina sehemu arobaini. Kwa nini lako lina saba?"

Nilifikiria kusema kitu cha kisomi. "Kompyuta yangu haikuweza zaidi," nikasema. "Halafu shangazi yangu ni nesi."

Nikajua nimemwaga unga.

"Basi," akasema, "lako tulilitengeneza juzi kwa vyuma tulivyonavyo, tulijaribu tu. Kuna binti wa miaka minane hapa amelivaa tangu asubuhi. Anakataa kulivua."

"Mmelitengeneza?"

"Kuna skrubu inalegea. Njoo Alhamisi uikaze mwenyewe, na uje na vyeti vyako."

Mama alitoka jikoni, akauona uso wangu, akaangusha mwiko. "Nani amekufa?" Nilitikisa kichwa tu. Nikakosea namba mara mbili kabla ya kumpata shangazi kazini.

"Shangazi," nikasema. "Anatembea. Kuna mtoto anatembea."

Nilisikia magurudumu ya kitanda yakipita, mtu akikohoa, kisha sauti yake, imepasuka, ikimwambia mgonjwa, "Subiri kidogo, baba. Sindano baadaye. Nipe dakika moja tu nikae chini."