Dungu Lisilo na Ngazi

Konda alinipitishia kifurushi dirishani basi likiwa halijasimama sawasawa. "Fundi Latifu, mzigo wako wa mjini!" Nilikipeleka kwenye kibanda changu cha kuandikia mabango, nikanawa mikono, nikakata kamba taratibu. Ndani mlikuwa na kitabu kimoja. Jalada lake nililichora mimi, na lilikuwa jalada langu la kwanza.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni ngazi. Mimi sikuchora ngazi.

Riwaya yenyewe iliandikwa na Mwalimu Mwanawetu, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi huko Mtawanya. Inamhusu mama mmoja wa bondeni ambaye mumewe anamwacha juu ya dungu alinde mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, naye mume anakwenda mjini na harudi. Mto unafurika. Majirani wanakuja na mtumbwi kumchukua, anakataa. Ukurasa wa mwisho yuko juu bado, anatazama maji.

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, na ngazi yake ni gogo lililochongwa vidato. Anayelala juu hulivuta gogo lake, asije akapandiwa na mnyama. Ukipita ukaona ngazi iko chini, huna haja ya kupiga hodi, mwenyewe kashuka. Ndiyo maana sikuichora. Nilitaka mtu aone jalada tu, ajue kuwa mama yupo.

Mambo haya ya kuacha kitu nilifundishwa na shangazi yangu Sihaba, aliyenilea. Alikuwa akisuka mikeka, nami nikimpangia ukindu: uliotiwa rangi upande huu, mweupe upande ule. Nilipoanza kusuka mwenyewe nilijaza zambarau na kijani kila mahali. Aliufumua ukili wangu wote, ule mkanda wa kushonea mkeka, akanirudishia. Nikajaza tena. Akaufumua tena.

"Baba, unapaogopa peupe," akaniambia. "Peupe napo pamesukwa."

Mwalimu wangu wa pili alikuwa duka. Miaka ya uhaba sukari ilifungwa kwenye karatasi za madaftari, na sabuni ilikatwa kwa kisu. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, maduka ya Kibiti yakajaa makopo na maboksi ya kila nchi. Wenzangu walifuata vilivyomo ndani. Mimi nilibandua karatasi za nje, nikazinyoosha chini ya godoro, nikafuatisha herufi zake kwa penseli mpaka mkono ukazizoea. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika mabango ya vinyozi na mahoteli, na bango moja la hoteli ndilo alilolipenda Mwalimu Mwanawetu hata akaniomba jalada. Nilikuwa nimechora kikombe peke yake kwenye ubao mtupu.

Mchapishaji, Bwana Sadallah, alikuwa na chumba juu ya duka la vitambaa, Kariakoo. Nilimpelekea mchoro, akautazama kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

"Binti yuko wapi?"

"Binti gani, Bwana Sadallah?"

"Binti yeyote! Weka binti, nyuma yake weka gari. Watu wananunua kwa macho, kaka. Zamani walinunua kilichopo, siku hizi wanachagua."

"Humu ndani hamna gari."

"Basi mwambie huyo mama wa kwenye dungu ashuke, tumpige picha."

Nilirudi Kibiti, nikachora upya dungu lile lile kubwa zaidi, nikampelekea. Akalikataa. Nikalisogeza kushoto, akalikataa. Barabara ya wakati ule ilikuwa ikikumaliza mgongo, na kila safari nilifika na vumbi hadi kwenye kope, nikaambiwa habari za gari. Mwishowe alichoka kabla yangu. Akakubali dungu, ila kwa rangi mbili tu, maana kila rangi ilitaka bamba lake la kuchapia. Nikachagua kijani na nyeusi. Maji ya mafuriko sikuyatia rangi, niliacha karatasi yenyewe iwe maji.

Na sasa katikati ya maji yale meupe ilisimama ngazi nyeusi, iliyonyooka kama ya mafundi umeme.

Nilimpelekea shangazi bila kumweleza kitu. Alikisogeza kitabu mbali na macho.

"Dungu zuri," akasema. "Mwenyewe kaenda wapi?"

Nikaenda posta nikapiga simu mjini.

"Bwana Sadallah, nani kaongeza ngazi?"

"Kijana wangu wa hapa ofisini."

"Umemwambia wewe?"

"Mimi ningemwambia gari! Kamuulize mwandishi wako." Akakata.

Nilitia kitabu, brashi na vikopo vya rangi kwenye kikapu, nikapanda baiskeli hadi Mtawanya. Njia nzima nilikuwa nikijiambia kuwa Sadallah anamsingizia. Mwalimu Mwanawetu nilimkuta uani anachambua mchele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Latifu. Umekuja na hasira, nimekuona tangu pale kwenye mihogo."

Nikamwekea kitabu mkekani. "Ngazi hii umeitaka wewe?"

"Nimeitaka mimi." Aliendelea kuchambua kidogo, kisha akausukuma ungo pembeni. "Yule ni mama yangu. Kweli aliwakatalia watu. Lakini kesho yake mjomba alimfuata, akamshusha, tukaenda Ngarambe. Aliishi, Latifu. Alilima, alicheka, akanisomesha."

"Mbona kitabuni hukumshusha?"

"Nilijaribu. Kila nikimshusha, maneno yanakuwa ya uongo. Sehemu fulani ya mama haikushuka kamwe, na hiyo ndiyo niliyoiandika. Lakini sikuweza kumwacha kule moja kwa moja. Nikasema, msomaji akimaliza atafunga kitabu, ataona ngazi."

"Ungeniambia mimi."

"Ungekataa."

Ningekataa kweli. "Kitabu kinasema yupo, jalada linasema hayupo. Watu wa huku watasema fundi hajui hata dungu."

"Watasema."

"Na jina langu limo humo ndani, Mwalimu."

"Langu liko juu, kwa herufi kubwa ulizoandika wewe." Akacheka, kisha akaacha, maana mimi sikucheka.

Nilikitazama kitabu. Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunipunguzia kitu. Ningekuwa nimemkasirikia Sadallah ningejua pa kuiweka hasira. Hatimaye nikasema lile lililokuwa limebaki.

"Hata kama alishuka, hakushuka kwa ngazi hii. Hii ni ya mbao za randa, ya dukani."

Aliisogelea picha. "Hapo umenishinda," akasema. "Kuichora tulimwachia kijana wa mjini."

Nikafungua kopo la nyeupe, nikaifuta ile ngazi kwenye nakala ile. Nyeupe ya kopo haikufanana na nyeupe ya karatasi, na ilipokauka paliachwa kiraka kama maziwa yaliyomwagika. Juu yake nikachora gogo kwa nyeusi, kidato kwa kidato. Mwalimu aliinama begani kwangu.

"Liinamishe kidogo. Lilikuwa linayumba ukikanyaga katikati. Hivyo. Hivyo hivyo."

Nilipomaliza alikishika kitabu kwa ncha za vidole akikipuliza. Nakala nyingine zote zilikuwa mjini, madukani, zikiwa na ngazi ile ya dukani.

Lilikuwa gogo zuri. Nikasuuza brashi kwenye kata ya maji aliyoniletea, nikafunga vikopo vyangu. Mimi bado ningepaacha peupe.