Kipande cha Kwanza cha Keki ya Parachichi

Hakuna aliyewahi kumwona Mama Siagi akila parachichi, na mtaa ule ulikuwa na macho. Kwake tunda lile lilikuwa na ute wa konokono na rangi ya makamasi ya mtoto mwenye mafua. Ukilikata mbele yake, anageuza uso. Ukilila, anahamisha kiti.

Jina la Mama Siagi alipewa na wateja wake wa keki. Ukishika kipande cha keki yake, vidole vinang'aa. Lakini kilichomjazia wateja hasa ni desturi yake: keki haimfikii mtu mpaka yeye mwenyewe akate kipande cha kwanza, asimame mbele ya mwenye keki, atafune, ameze, huku watu wote wakimkodolea macho. Uso wake ndio uliokuwa muhuri. Aliwahi kukunja uso harusini, akaibeba keki yake mwenyewe akairudisha jikoni, maharusi wakabaki na kisu mkononi. Mtu mwingine angefilisika. Yeye wateja waliongezeka.

Sasa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa maneno ambaye mtaa ulimwita Redio, alikuwa anastaafu kazi, na daktari alikuwa amempiga marufuku kula siagi.

"Basi kula matunda, wifi," Mama Siagi alimwambia.

"Niagwe kwa tikiti maji kama naagwa shule ya chekechea? Nataka keki. Wenzako siku hizi wanatia parachichi badala ya siagi, kakao juu yake, wala huwezi kujua. Na ile krimu laini ya kula kwa kijiko, nayo ya parachichi."

"Wifi, hilo ni la kupaka nywele."

"Unaweza au huwezi? Sema tu, nijue cha kuwaambia watu."

Redio akishaanza kutangaza, hakuna wa kuizima. Mama Siagi akakubali, huku mate yamemjaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Bahati nzuri mkwe wake, mke wa mwanawe, alizijua keki hizo. Siku ya sherehe, iliyokuwa ifanyike palepale kwa Mama Siagi kwenye ua mpana, binti yule alimenya maparachichi tangu asubuhi, akayaponda, akayatia kwenye friji.

"Mama, onja hata kwa ncha ya kijiko. Kila rojo si huwa unaonja?"

"Hilo nitaonja kaburini."

"Utajuaje likiharibika?"

"Kwani likiwa zima lina tofauti gani?"

Mkwe akacheka, akaenda kupanga viti. Mama Siagi akabaki peke yake na friji. Alichukua kibanio cha nguo kwenye kamba, akajibana pua. Akafungua friji, akageuza uso pembeni, akavuta bakuli la kwanza lililogusa mkono wake. Kitu cha kijani kikaporomoka kwenye unga na kakao, plopu, kama kitu kilichotapikwa na ng'ombe. Akafumba macho. Mashine ikakoroga, yeye akiwa amesimama mbali nayo kama inamwambukiza. Akatia kwenye oveni, akanawa mikono mpaka viwiko.

Uani majirani walikuwa wanakaanga nyama kwa vitunguu saumu, harufu imetanda nyumba nzima. Kwa hiyo keki ilipoiva, hakuna pua iliyoshtuka.

Mchana watu walijaa hadi kwenye ngazi. Redio alikaa katikati, kitambaa kipya kichwani, mikono juu ya tumbo.

"Haya, wifi! Tuone huo uso!"

Mama Siagi akakata. Ndani keki ilikuwa nyeusi, nzito, inang'aa kwa namna ambayo hakuipenda. Akatia mdomoni.

Mungu wangu. Kwanza chumvi. Kisha kitu kikali kikampanda puani, kikifuatwa na sukari, kisha ule ulaini wenyewe, unateleza kwenye ulimi kama mlenda uliolala. Machozi yalimlenga. Moyoni akasema: kumbe ndivyo lilivyo! Na watu wanakula kwa hiari yao! Lakini huyu ni wifi, na haya ndiyo aliyoyataka. Akameza. Akatabasamu, meno yote nje.

"Safi. Karibuni."

Redio akachukua kipande kikubwa, akatafuna mara mbili. Akasimama. Akatema kwenye kiganja.

"Wifi! Umenitilia kitunguu saumu?"

Mkwe akaja mbio, akaonja kipunje, akashika kichwa. "Mama! Hili ni lile bakuli la mume wangu! La chumvi na vitunguu saumu, la kupaka kwenye mkate! La keki lilikuwa nyuma yake!"

Uani nyama ikaendelea kukaangika kwenye mafuta. Halafu Redio akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya msiba:

"Kwa hiyo umemeza uchafu huu, ukatuchekea meno nje. Miaka yote tunanunua uso wako, kumbe uso wenyewe unadanganya?"

Hapo ndipo palipomchoma. Keki mbovu inatupwa, inasahaulika. Lakini uso? Aliwaona majirani wanatazamana, na mama mmoja aliyekuwa ameagiza keki ya harusi ya mwanawe tayari anainama sikioni mwa mwenzake.

"Sikujua," Mama Siagi akasema. "Haki ya Mungu, wifi. Sijawahi kulila. Nilidhani ndivyo lilivyo."

"Ndivyo lilivyo! Kitunguu saumu!"

"Mwanangu," akamgeukia mkwe, "lile bakuli lingine lete. Tengeneza krimu hapahapa, watu waone."

Mkwe akalileta, akalisaga parachichi lake kwa kakao na asali mpaka likawa laini, linang'aa kama tope la bwawani. Mama Siagi akapokea kijiko. Safari hii bila kibanio cha jikoni, macho wazi, uso mbele ya watu wote.

Akala. Na uso wake ukafanya ulichotaka: pua ikakunjamana, midomo ikageuka, mabega yakapanda masikioni, mwili mzima ukatetemeka kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Halina chumvi, halina kitunguu. Limetengenezwa sawasawa," akasema, akipumua kwa shida. "Na ni baya! Baya, baya, baya!"

Ua ukalipuka kwa kicheko. Redio akamnyang'anya kijiko, akaonja, akafumba macho.

"Mbona tamu, jamani! Huo sasa ndio uso wa wifi yangu. Leteni bakuli."

Mama Siagi alikuwa ameshafika bombani, anasugua ulimi kwa pembe ya khanga, akitema na kutema, aliposikia nyayo nyuma yake. Ni yule mama wa harusi.

"Mama Siagi, ile oda yangu..."

"Ndiyo, mwaya. Siagi tupu. Usijali."

"Hapana. Nibadilishie. Nataka hilo parachichi lililokutetemesha. Na uje uonje mwenyewe, mbele ya wakwe zangu."

Mama Siagi akainama tena kwenye bomba.