Sharti Lililoongezwa

Benta alimpigia nduguye mdogo simu mara tatu kabla hajakubali kuja Magunga, alikoolewa. Cephas ana digrii ya theolojia na hufundisha wachungaji kule Migori. Digrii yenyewe Benta anaijua vizuri, maana miaka minne aliinama akianika omena, dagaa wa Muhuru Bay, jua likimchoma mgongo, ndipo Cephas akasoma. Hakuwahi kumdai kitu. Safari hii alitaka neno moja tu.

Mumewe, Tony, alizikwa Desemba, na ukoo ulitaka Benta arithiwe na shemejiye, Maurice. Bila hivyo haruhusiwi kupanda shamba wala kuezeka nyumba. Akiondoka, watoto wanabaki. Maurice ni mzee wa kanisa, kwa hiyo hakuja na mila, alikuja na Biblia. Alisema amefunga siku tatu na Roho akamfungulia Kumbukumbu la Torati, pale ndugu anapoamriwa kumwoa mjane wa nduguye. Ajabu ni kwamba Roho huyo hakuwahi kumfungulia mahali panapomwambia alime shamba lake mwenyewe.

Jumamosi wazee wakaketi uani kwa Teresa, mama mkwe wa Benta. Maurice akasoma kwa sauti. Teresa, ambaye hajui kusoma hata jina lake, akainua mkono.

"Hebu rudia hapo mwanzo. Si imesema huyo mtu alikufa bila kijana?"

"Imesema, mama, lakini..."

"Sasa? Levi na Zablon ni vijana wa nani? Hiyo maneno haihusu Benta. Yawa, jamani, wachaneni na yeye."

Benta aliona mwanga, na alitaka kulia kwa furaha. Wazee wakamgeukia Cephas, kwa kuwa mwanamke asiyesoma hawezi kufunga kikao. Msomi anaweza. Alitakiwa kusema tu kwamba mama amesema kweli, kisha aketi.

Cephas akasimama, akarekebisha miwani.

"Hilo ni swali zuri," akaanza, na Benta akajua mambo yameharibika.

Akawatembeza Israeli ya kale, kaya kwa kaya. Akasema andiko halisomwi juu juu. Akasema wako wataalamu wanaodhani sharti la kukosa mwana liliongezwa baadaye, na wako wanaopinga, na kwamba desturi yenyewe ilikusudiwa kumlinda mjane. Nusu saa nzima. Wazee walimsikiliza midomo wazi.

"Mmesikia!" Maurice akaruka. "Hiyo sharti iliongezwa na binadamu! Ya Mungu ni ile ingine. Hata mwenye digrii ameona kitu Roho alinionyesha."

"Sikusema hivyo," Cephas akasema, lakini kwa sauti ya darasani, na wazee walikuwa wameshaanza kupeana mikono. Teresa akawataja tena wajukuu wake. Akaambiwa, "Mama, wasomi wameshaongea." Kisha wakamwomba Cephas afunge kwa maombi, naye akaomba vizuri sana.

Benta akamsindikiza hadi barabarani, kwenye boda boda.

"Umeona vile walinyamaza nikiongea?" Cephas akauliza, macho yaking'aa.

Benta akamtazama. Alimchukia, na chuki hiyo ilimuuma kuliko ile ya Maurice, kwa sababu huyu ni mtoto aliyemlea mgongoni mwake mwenyewe.

"Cephas, wewe unajua niko na vijana wawili?"

"Najua, dada. Lakini siwezi danganya watu. Maandiko si rahisi hivyo."

"Ya mama ilikuwa rahisi."

Cephas akatazama saa, akapanda boda boda, akapunga mkono kama mtu aliyetoka kwenye harusi.

Aliporudi, Benta alikuta Maurice ameshaingia nyumbani mwake. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa Tony, naye amekaa akiuliza chakula kitaiva saa ngapi.