Hesabu ya Ubingwa wa Kunguru

Libère alifundisha hisabati Rumonge miaka kumi na miwili kabla vita havijamtoa Burundi. Johannesburg alilinda maegesho ya duka moja la vyakula Rosettenville, lakini kulikuwa bado na watu waliomwita Mwalimu. Hao walikuwa wachezaji wa Kunguru, timu ya besiboli ya Turffontein. Mchezo huo aliujulia ukubwani. Jumamosi moja alipita kando ya uwanja, akaona mtu anaandika namba kila mpira unaporushwa, miguu ikagoma kuondoka. Mwaka wa pili yeye ndiye alikuwa karani wa timu. Aliandika matokeo na kutunza orodha ya wachezaji pamoja na karatasi zao.

Msimu huo Kunguru walikuwa hawashikiki, na sababu ilikuwa Joël, fundi cherehani kutoka Uvira aliyepanga chumba cha kushonea Jules Street, kule Malvern. Mpira ukitoka mkononi mwake, wapigaji wazoefu walibaki kupunga gongo hewani. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Bingwa wa kundi angekwenda Cape Town kwenye mashindano ya vilabu, na Joël, tangu aingie nchi hii, hakuwahi kualikwa mahali popote.

"Mwalimu, lini?" aliuliza kila mechi ikiisha. "Tunatwaa lini?"

Libère alikuwa hachoki kumjibu.

Katikati ya Januari Joël alimfuata kazini, akamwonyesha karatasi yake ya ukimbizi.

"Imeisha muda jana, Mwalimu. Nimeshaomba upya, nangoja jibu. Nikae nje mpaka lije?"

Kanuni ya ligi Libère aliijua kama jina lake: mechi aliyocheza mtu mwenye karatasi iliyokwisha huhesabiwa kuwa timu yake imeshindwa. Jibu lilikuwa moja tu. Lakini Kunguru walikuwa wameshinda tisa na kupoteza mbili, Mwewe wa Benoni walikuwa nyuma yao hatua chache, na bila Joël wangepitwa. Alijua pia kwamba karatasi hukaguliwa msimu ukikaribia kwisha. Akahesabu wiki. Jibu la Joël lingekuwa limefika zamani.

"Cheza," akasema. "Orodha naishika mimi."

"Una hakika?"

"Nimekwambia cheza, mdogo wangu."

Joël akacheza mechi sita, na zote sita Kunguru wakashinda. Jibu halikuja.

Jumamosi ya mechi ya kumi na nane, jua la Februari lilikuwa kali na mawingu ya mvua yalishaanza kupanda upande wa migodi. Wachezaji walimzunguka Libère na daftari lake.

"Sikilizeni," alisema. "Kila timu ina mechi ishirini. Sisi tumeshinda kumi na tano, Mwewe kumi na tatu, na kila mmoja amebakiza tatu. Wao wakishinda zote watafika kumi na sita. Sisi tukishinda mbili tunafika kumi na saba, hawatugusi. Lakini leo tukishinda sisi, na wao wakapoteza kule kwao, hakuna haja ya kungoja. Mwisho wao utakuwa kumi na tano, sisi tutakuwa na kumi na sita."

"Kwa hiyo ni leo?" Joël aliuliza.

"Inaweza kuwa leo."

Joël alicheka, akampiga begani nahodha wao Bakiri. Wakati huohuo Bwana Naidoo wa ligi aliingia uwanjani na faili kwapani. Aliwasalimu wote kwa adabu, akaomba karatasi. Alizipitia moja moja, na alipofika kwa Joël akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hii imekwisha tangu Januari," alisema. "Nani anashika orodha?"

"Mimi," Libère alijibu.

"Ulijua?"

Angeweza kusema hakujua. Joël alikuwa amesimama palepale, anamtazama.

"Nilijua. Yeye aliniuliza, mimi nikamwambia acheze."

Bwana Naidoo alivuta pumzi. Hakufoka, na hilo Libère aliliona zito kuliko matusi. Ushindi wa mechi zote sita ukafutwa, zikahesabiwa kuwa wameshindwa. Libère alipiga hesabu mpya kwa sababu mkono wake haukujua kufanya kingine. Walibaki na ushindi tisa. Wakishinda zote tatu wangefika kumi na mbili, na Mwewe, waliopewa ile moja waliyofungwa na Kunguru, tayari walikuwa na kumi na nne. Timu mbili nyingine za kundi zilikuwa mbali mkiani. Mwewe walikuwa mabingwa na mechi yao ya siku hiyo ilikuwa haijaanza.

"Mwalimu, tuna nafasi gani?" Bakiri aliuliza polepole.

"Hatuna."

Mtu mmoja alitupa glavu yake chini. Joël aliketi kwenye nyasi, akafungua kamba za viatu, akaondoka peku bila kuaga.

Nyumbani kwa Libère, mkewe Emérite alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemwomba Joël msamaha?"

"Anajua ni kosa langu, Mama Ariane. Nimesema mbele ya watu wote."

"Umemwambia Mhindi yule wa ligi. Nakuuliza juu ya Joël."

Jumatatu alikwenda Malvern. Joël alikuwa anapinda suruali ya mteja, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Nimekuja kuomba msamaha, ndugu yangu."

"Nilikuuliza, Mwalimu. Mara mbili."

"Uliniuliza."

"Ungesema kaa, ningekaa. Labda tungepoteza, sijui. Lakini sasa ligi imenifungia mwaka mzima. Nitakuwa na thelathini na mbili, na bega hili tayari linauma." Alikata uzi kwa meno. "Kule kwingine kote nilizoea kuambiwa karatasi zangu mbovu. Uwanjani sikuwahi."

Libère alisimama mpaka mteja akaja kuchukua suruali, kisha akatoka.

Kunguru walipoteza mechi zote tatu. Jibu la Joël lilifika wiki iliyofuata, karatasi safi ya miaka miwili, na Libère alizisikia habari hizo kwa Bakiri, maana Joël alikuwa hapokei simu yake. Timu ilichagua karani mwingine. Jumamosi sasa Libère huomba zamu kazini.