Picha ya Kushikwa Mkononi

Mama yake msusi hakuwa na picha hata moja, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Zamani, binti huyu akiwa bado wa kubebwa mgongoni, mama alimvika gauni jipya, akajipaka wanja, akaenda naye studio. Wakaketi, taa ikawaka. "Njooni wiki ijayo," wakaambiwa. Wiki ijayo ikazaa nyingine, nayo ikazaa yake, mpaka mfagiaji wa pale alipomwonea mama huruma na kumnong'oneza: filamu ilikuwa imekwisha. Mpiga picha, kwa kuogopa kukimbiwa na wateja, alikuwa akiwasha taa tu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Simu za picha zilipoingia nyumbani, mama alijifunika mtandio usoni. "Picha gani isiyoshikika? Ni ule ule mwanga mtupu, ila sasa unatembea mfukoni."

Watoto wake walilifanya jambo hilo utani hadi mama mdogo alipofariki. Walipoitafuta sura yake wawaonyeshe wajukuu, waliambulia kiwiko chake pembeni mwa picha ya harusi ya watu wengine. Msusi alitoka msibani na neno moja moyoni: mama yangu hatabaki kiwiko.

Dawa aliikuta kazini kwake. Vijana waliokuja kusukwa walikuwa wamechoshwa na picha maelfu wasizozitazama tena, nao wakaanza kuulizia kamera ile iliyokwisha kusahaulika, inayotema karatasi papo kwa papo. Msusi akanunua moja. Kila kichwa kilichokamilika kikapigwa picha, na mteja akaondoka ameishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba yai. Hii inashikika, msusi akawaza.

Jumapili moja yenye baridi aliipeleka kwa mama. Huko alimkuta pia kaka yake, dereva wa lori asiyejua kungoja hata chai ipoe.

"Mama, leo utaketi."

"Umeanza."

"Nitakupa mkononi, hapa hapa."

Mama akaitazama kamera kama anayepima nyanya sokoni. "Haya. Nipe kabla sijainuka kitini. Nikiinuka mikono mitupu, usiniletee tena habari hizi mpaka nife."

"Nimekubali," alisema msusi. Alimketisha mama karibu na dirisha, akabonyeza. Kamera ikanguruma, ikatoa karatasi.

"Nyeupe!" mama akasema. "Sikukwambia?"

"Inahitaji kungoja, mama. Tena gizani."

Lakini kaka alikwisha kuidaka. Aliipunga hewani, akaikunja kidogo, kisha akatoka nayo uani. "Ngoja niianike, jua litaiivisha!"

"Kaka, rudisha! Hizo si nguo!"

Aliporudi, karatasi ilikuwa na michirizi mikavu, na mahali pa uso wa mama palikuwa na ukungu mweupe. Kaka akajikuna kisogo. Mama akashika mikono ya kiti ainuke.

Msusi akapiga magoti mbele yake, akamwekea viganja magotini. "Hujainuka bado, mama. Sharti ni lako mwenyewe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Una kichwa kigumu."

"Nimekirithi kwa mtu."

Mama akaguna, lakini akaegemea tena. Taa ikawaka mara ya pili. Safari hii msusi hakumpa mtu nafasi. Aliichomoa karatasi taratibu, ikiwa imegeuzwa chini, akaiingiza ndani ya mtandio wa mama, kifuani penye joto. "Ilinde wewe. Asikunyang'anye mtu."

"Athubutu," mama akasema, akimkodolea mwanawe wa kiume macho.

Wakangoja. Mama aliukandamiza mtandio kwa mikono miwili. Hatimaye msusi akamwashiria aitoe.

Wanja wa macho ulikuwa wa kwanza kuonekana, kisha mstari wa kidevu, kisha mama mzima, ameketi mzito na amenuna kama hakimu. Alijitazama bila kupepesa. Akaisugua pembe ya karatasi kwa kidole gumba, kuhakikisha ipo.

"Mbona niko peke yangu?" akauliza.

"Mama?"

"Siku ile tulikuwa wawili. Nilikuvika gauni." Sauti yake haikulalamika, iliamuru. "Vuta kiti. Na wewe, dereva, njoo ubonyeze. Ukimaliza, mikono nyuma."

"Ndiyo, mama," kaka akajibu, mpole kama mwanafunzi aliyechelewa.

Msusi akaketi, bega kwa bega na mama, akajikuta analirekebisha gauni lake. Taa ikawaka. Kabla karatasi haijatoka yote, mkono wa mama ulikuwa umekwisha kunyooka kuipokea. Akaificha kifuani, pamoja na ile ya peke yake.

"Hainuki mtu," akasema.

Na hakuinuka mtu, mpaka walipoonekana wote wawili.