Safu ya Sita

Fomu ya udongo ilikuwa na safu nane, na mimi nilikosea ya sita.

Huku kwetu, pembeni mwa Migori, mke haitwi jina lake. Anaitwa kwa alikotoka. Mimi ni Caren, lakini tangu Ken anioe naitwa Nyar Isebania, binti wa Isebania, hata na watoto wa kisimani. Jirani yangu Kemuma wanamwita Nyar Kisii, ingawa alizaliwa papa hapa, kwenye shamba alilonunua baba yake kabla ya uhuru. Kwa hivyo nilipoona neno "Asili" juu ya safu ya sita, sikuuliza mtu. Nilijua nimeelewa.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya masomo ya jioni ya watu wazima. Mradi wa kilimo wa Homa Bay ulitaka mtu wa kijiji anayejua kuandika, apite shamba kwa shamba, achote udongo autie kwenye mfuko, ajaze fomu. Wao wangechora ramani ya wilaya zote mbili, Homa Bay na Migori, ili mkulima ajue apande nini, wapi. Nilimfunga Liz wangu mgongoni, alikuwa na miezi saba, nikapita mashamba arobaini na moja.

Kemuma alinichimbia mwenyewe. "Andika vizuri," alisema, akipangusa mikono kwa leso. "Andika kwamba udongo huu unaotesha hata kijiko."

Nikaandika. Daraja: 1. Asili: Kisii.

Chini ya kila fomu niliweka kaboni. Ya juu ilienda Homa Bay, nakala ikabaki kwa naibu chifu. Hiyo ilikuwa Juni, 1997.

Oktoba nikapeleka mahindi kusagwa. Wangwe, aliyekuwa akimtafutia kura mgombea mmoja wa udiwani, alikuwa amekalia gunia pale kinuni, akiwasomea vijana karatasi.

"Nyamongo. Tarime. Daraja la pili. Kemuma. Kisii. Daraja la kwanza."

"Hilo ni langu," kijana mmoja akasema. Wenzake wakacheka.

"Ngoja kwanza tutoe madoadoa, hawa watu wa kuja," Wangwe akasema. "Hawa hawatupigii kura hata uwape sukari. Wakienda, kura inaenda nao na shamba linabaki. Kuna hesabu rahisi kuliko hiyo?"

Maandishi yalikuwa ya buluu, ya kaboni, nakala ile ya kwa naibu chifu. K ile yenye mkia mrefu ilikuwa yangu. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa akinitania kwa mkia huo. Niliondoka bila unga.

Kesho yake nilikuwa Homa Bay, ofisini kwa Bwana Machuki, afisa aliyenipa kazi. Alifungua faili, akacheka kabla sijasema lolote.

"Mama Liz, afadhali umekuja. Nieleze huu udongo wa Tarime umetembeaje mpaka Migori."

"Si ndiko Nyamongo alikotoka?"

"Asili ya udongo, mama. Umeletwa na mto, umeporomoka mlimani, au umetokana na mwamba ulio chini yake?" Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Nilimwambia yote. Alifunga mlango. Alipiga simu polisi mara tatu, ikalia tu upande wa pili. Basi tukakaa, Liz akinyonya, tukaandika upya mashamba yote arobaini na moja. Kemuma: mto. Nyamongo: mlima. Akagonga muhuri kila ukurasa.

"Waambie ile ya kwanza ni makosa ya karani," alisema.

Muhuri ule niliubeba kifuani kama dawa ya mtoto.

Kinuni, Wangwe alizisoma fomu mpya zote, polepole, kwa heshima. "Shemeji, umejisumbua. Mto, mto, mlima. Mto unapiga kura?"

"Ile nyingine nilikosea. Sikuelewa neno."

"Uliandika uongo? Nyamongo si wa Tarime?"

"Kemuma amezaliwa hapa."

"Na baba yake?"

Nikamwonyesha muhuri. Akatoa ile nakala ya buluu mfukoni, akaweka kidole kwenye mstari wa shamba letu. Asili: hapa.

"Hapa," akasoma. "Sisi hatukuuliza, Nyar Isebania. Nenda ukamnyonyeshe mtoto."

Nilipita nyumba zote kumi na nne nilizoziandikia asili ya mbali. Wengine hawakunifungulia. Nyamongo aliniambia ameishi miaka ishirini na mbili na watu hawa, wakija atawajua kwa majina. Kemuma nilimkuta shambani, akipalilia maharage. Nilimweleza kuanzia mwanzo, sikujificha.

Hakukasirika kwanza. Aliuliza, "Wewe ulijiandikia nini?"

"Hapa."

"Mimi nimezaliwa hapa. Wewe umeletwa na ng'ombe wanane." Akacheka kidogo, na kicheko kile bado nakisikia. "Maharage yamebakisha wiki mbili, Caren."

"Usiyangoje."

Nilipiga magoti kwenye tuta kumsihi. Jioni hiyo alienda na watoto wake na mabati matatu, kwa dada yake Kisii, mahali ambapo hakuwahi kulala wiki nzima.

Vijana wa Wangwe walikuja Ijumaa, saa nne asubuhi, jua limewaka, kama watu waendao kazini. Walikuwa na ile karatasi. Nyumba ambazo hazikuandikwa hazikuguswa, na ya Kemuma iliungua mpaka saa nane. Nyamongo tulimzika Jumatatu.

Shamba tupu halikai wiki. Jumanne yule kijana wa kinuni alikuja na kamba ya kupimia, akanikuta nang'oa maharage ya Kemuma.

"Hili limeshapewa mtu," nilimwambia.

"Nani?"

"Mimi. Si ndiye niliyewaandikia?"

Alinitazama, akakunja kamba yake. Hilo alilielewa.

Sasa kisimani wananipisha. Bathsheba, rafiki yake Kemuma wa kanisani, alisema nikisikia, "Kumbe ndiyo sababu aliandika." Siwezi kumjibu. Nikisema namlindia mwenyewe, kamba itarudi kesho.

Februari majibu ya udongo yalifika, yamepigwa chapa. Mmiliki: Kemuma. Daraja: 1. Asili: mto. Nimeyaficha ndani ya gunia la maharage yake. Barua ya Kemuma nimempa Bwana Machuki, yeye ana ndugu Kisii. Niliandika: shamba lako lipo, usiamini utakayosikia kuhusu anayelilima. Jibu halijaja. Huenda ameiona K yangu akaichana.

Mvua ya Machi imeanza. Kemuma hupima mistari kwa unyayo, na unyayo wake ni mrefu kuliko wangu. Kwa hivyo kila hatua naongeza vidole vinne, Liz mgongoni, ili akirudi akute mistari iko pale alipoiacha.